Mkopo wa gari unalingana na nauli yetu. Tununue?

Kwa wahariri wa safu,

Naomba ushauri wenu kabla mwezi haujaisha. Tunaishi Mamboleo, Kisumu, mimi na mke wangu na watoto wawili, mmoja gredi ya tatu, mwingine PP2. Mimi ni mhasibu, ofisi yangu iko katikati ya mji. Mke wangu ni muuguzi. Zamu zake hubadilika kila wiki, na mara sita hivi kwa mwezi hutoka saa tatu usiku.

Nauli inatumaliza. Nimeketi nikaandika kila kitu: matatu yangu 2,200 kwa mwezi, basi la shule la watoto wawili 7,000, matatu za mke wangu 2,000, teksi zake za usiku 2,400, tuktuk ya soko Jumamosi 1,200, tuktuk ya kanisani 2,000, na safari moja ya nyumbani Yala 1,800. Jumla ni shilingi 18,600.

Sasa kuna mtu anauza Vitz ya 2014, cc 1,000, kwa 850,000. Tuna akiba ya 250,000. Sacco yangu iko tayari kunipa 600,000 nilipe kwa miaka mitatu, riba asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Makato yatakuwa 19,930 kwa mwezi. Yaani naongeza shilingi elfu moja na kidogo tu juu ya nauli ninayotoa sasa, na mwishowe gari ni langu. Shemeji yangu anasema mwanamume mwenye watoto hawezi kuendelea kusimama steji na mikoba ya shule. Mama watoto anaogopa deni, ila akikumbuka usiku wa mvua pale Kondele ananyamaza. Halafu kuna usiku mtoto wetu mdogo alishikwa na homa tukahangaika karibu saa nzima kupata usafiri. Hilo sijalisahau.

Mishahara yetu miwili ikiingia mkononi ni 118,000. Kodi ya nyumba ni 18,000. Leseni ninayo, mke wangu hana. Mwenye gari anataka 50,000 ya kulishikilia. Nifanyeje?

Baba Wawili, Mamboleo

*

Ndugu Baba Wawili,

Wengi hununua gari kwanza, wakaandika hesabu baadaye. Wewe umeanza na kalamu, na kwa hiyo tunaweza kukujibu kwa tarakimu zako mwenyewe. Kosa lako ni moja tu, lakini ndilo linalowazamisha watu wenye mishahara kama yenu: umeweka makato ya mkopo kwenye mzani na nauli. Makato ni bei ya gari likiwa limesimama uani. Halijawashwa, halina bima, halijaenda hata Kibuye na kurudi.

Tuliwashe basi. Kutoka Mamboleo kuingia mjini, kuwapitisha watoto shuleni, kumshusha mama watoto kazini na kurudi jioni, weka kilomita 20 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 440. Jumamosi na Jumapili weka 120 kwa mwezi. Yala kwenda na kurudi ni kama 90. Ongeza 150 za safari ambazo leo hazipo, maana gari likishafika hamtatembea tena kwenda kununua mkate. Jumla ni kilomita 800. Vitz ya cc 1,000 ikibeba watu wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na foleni ya Kondele ikiwa mbele, tunaihesabia kilomita 13 kwa lita. Muuzaji atakuambia 20. Hiyo hupatikana barabara ikiwa tupu na mguu ukiwa mwepesi. Kwa hesabu yetu utachoma lita 61 na nusu. Tukikisia shilingi 185 kwa lita, ni 11,400 kwa mwezi. Bei hubadilishwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14, na si nyakati zote imekuwa hapo: Oktoba 2023 petroli ilipita shilingi 217 Nairobi. Ikirudi huko, ongeza kama 2,000 kila mwezi kwa kilomita zile zile.

Bima. Gari lililonunuliwa kwa mkopo linahitaji bima kamili, hata kama Sacco haikulazimishi. Bima ya mtu wa tatu humlipa uliyemgonga. Gari lako likiteketea utaendelea kukatwa mshahara kwa ajili ya majivu. Kwa asilimia 5 ya 850,000, ambayo ni makisio ya katikati, ni 42,500 kwa mwaka, yaani kama 3,550 kwa mwezi. Usishawishike kutaja thamani ya chini ili upunguze ada. Ukitaja 500,000 kwa gari la 850,000, siku ya ajali ndogo kampuni itakulipa kwa uwiano huo huo, na kama asilimia 41 ya gharama ya fundi utaitoa mfukoni.

Matengenezo ndiyo watu husahau kabisa, kwa sababu hayaji kila mwezi. Ukitembea kilomita 9,600 kwa mwaka, utafanya sevisi mara mbili, kila kilomita 5,000. Injini hiyo hunywa lita tatu na kidogo za oili. Ukiongeza filta ya oili, filta ya hewa na mkono wa fundi, tenga 8,000 kila mara. Halafu weka 24,000 kwa mwaka za plagi, pedi za breki, maji ya rediata na oili ya giaboksi. Tairi nne ni kama 30,000. Zikikaa karibu miaka minne, ni 8,000 kwa mwaka. Betri ya 9,000 ikikaa miaka miwili ni 4,500. Mwisho weka 20,000 za miguu ya gari, yaani bushi, boli jointi, linki na shokamzoba. Kama njia ya kuingia kwenu ni ya murram na matuta, utaanza kusikia mgongano chini ya gari kabla mwaka haujaisha. Jumla ni 72,500 kwa mwaka, kama 6,000 kwa mwezi. Si kwamba utatoa 6,000 kila mwezi. Utakaa miezi minne bila kutoa kitu, kisha mwezi wa tano fundi akuitishe 28,000, na mara nyingi utakuwa ule mwezi wa kulipa karo.

Maegesho ya kaunti mjini na kuosha gari tumeviwekea 3,000. Futa, uandike unachoona wenzako ofisini wakilipa.

Sasa jumlisha pesa zitakazotoka mfukoni: makato 19,930, mafuta 11,400, bima 3,550, matengenezo 6,000, maegesho na kuosha 3,000. Ni 43,880.

Na nauli haitaisha. Tafadhali tulia hapa, maana ndipo hesabu ya shemeji inapovunjika. Gari ni moja, dereva ni mmoja, na nyinyi ni wanne wenye saa tofauti. Watoto wanatoka shule kabla ya saa kumi, wewe unatoka kazini saa kumi na moja. Asubuhi utawapeleka, lakini alasiri basi la shule litabaki, na mabasi mengi hayapunguzi bei kuwa nusu kwa njia moja. Weka 4,000 badala ya 7,000. Mke wako akiingia zamu wakati wewe uko ofisini atapanda matatu kama kawaida, weka 1,500. Kwa hiyo usafiri wenu wote ukiwa na gari ni 49,380 kwa mwezi, dhidi ya 18,600 ya leo. Tofauti ni kama 30,800, na ni kila mwezi kwa miezi 36.

Twende mbele tena. Mkopo ukiisha, makato yakaondoka, bado utatoa 29,450 kwa mwezi. Hata jirani akikupa ile Vitz bure leo, bila shilingi moja ya deni, usafiri wenu utapanda kwa zaidi ya 10,000 kwa mwezi. Tena tumekuonea huruma kwenye hesabu: basi la shule hulipi miezi ya likizo, kwa hiyo wastani wako wa kweli leo uko karibu na 16,850.

Na lile la “mwishowe gari ni langu” ni kweli, ila litakuwa gari lingine. Vitz ya 2014 ukiitumia miaka mitatu kwa kilomita hizo, shukuru ukiiuza 600,000. Robo milioni itakuwa imeyeyuka. Riba ya mkopo wako ni kama 117,400 kwa miaka hiyo mitatu. Hiyo si mbaya kwa mkopo, na vizuri uliuliza ni riba ya aina gani: asilimia 12 ile ile ikipigwa juu ya deni lote la mwanzo bila kupungua ingekuwa 216,000. Lakini uzito wa mkopo wa Sacco hauko kwenye riba peke yake. Akiba yako imefungwa, na ya wadhamini wako pia. Mwalimu au mfanyakazi mwenzako aliyekutilia sahihi hataweza kuitumia akiba hiyo kwa mkopo wake wa karo mpaka deni lako lipungue. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa mkopo umepita basi unaumudu. Sheria ya Ajira ya 2007 hukataza makato kupita theluthi mbili za mshahara. Huo ni mpaka wa kisheria, nayo Sacco huuangalia huo. Haijui bei ya unga wala ya tairi.

Je, gari ni la lazima basi? Kwa Kisumu, kwa familia yenye mizunguko kama yenu, hapana. Kitovu cha mji ni kidogo. Ukishashuka, ofisi nyingi, benki na soko la Jubilee unavifikia kwa miguu, na njia za waenda kwa miguu zilizotengenezwa kabla ya mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wa Mei 2022 zimerahisisha jambo hilo. Ninyi mko kwenye barabara ya Kakamega, ambako matatu hazikosekani mchana. Tuktuk zinaingia mitaani mpaka mlangoni. Kuna watu hapa hapa ambao tungewaambia wanunue bila kusita. Mwenye mgonjwa wa figo nyumbani anayehitaji kupelekwa hospitali mara mbili kwa wiki. Mwenye mzazi asiyeweza kupanda matatu. Anayeuza bidhaa Luanda Jumatatu, Bondo Jumatano na Ahero Ijumaa, ambaye gari humletea pesa kuliko linavyokula. Anayeishi ndani kabisa, mbali na lami, na kutoka kazini usiku kila siku. Barua yako haina hata mmoja wa hao, ila ina shida mbili za kweli ambazo hatutaki uzipuuze: usiku wa mke wako, na usiku wa homa.

Zote mbili zinatatulika kwa pesa ndogo sana kuliko 30,800. Usiku wa zamu, acheni kutafuta teksi saa tatu barabarani. Chukueni madereva wawili wanaojulikana, wanaokaa upande wenu wa Mamboleo au Kiboswa, ambao mwisho wa siku wanarudi nyumbani njia hiyo hiyo. Mpelekee kila mmoja ratiba ya zamu mwanzoni mwa wiki, mkubaliane bei moja, mvua au kiangazi, na mlipe kwa wiki. Dereva mwenye uhakika wa safari sita kwa mwezi huja kwa wakati. Wa pili ni wa siku yule wa kwanza ameharibikiwa na gari. Asubuhi za mvua pia muiteni. Tumeongeza 3,000 kwa mwezi kwa ajili hiyo.

Usiku wa ugonjwa, kilichowakwamisha ni kwamba hakuna aliyekuwa amepangwa. Andikeni namba za madereva hao wawili na ya jirani mwenye gari kwenye karatasi, mwibandike ukutani, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu huzimika. Jirani aombwe mapema, mchana, kwa heshima, na ajue mafuta yake yatarudishwa. Wekeni 3,000 kwenye simu ya mama watoto ambazo haziguswi kwa jambo lingine lolote. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko barabara hiyo hiyo ya Kakamega, kati yenu na mji, kwa hiyo safari yenyewe ni fupi. Na fikiria hili: mke wako hana leseni. Ukiwa safarini Nairobi kikazi na mtoto akashikwa na homa, Vitz itakuwa imesimama uani na mama atakuwa akitafuta teksi kama usiku ule. Kama kuna pesa ya kutumia kwa ajili ya gari mwaka huu, iwe ya kumpeleka mama watoto shule ya udereva. Hilo mtalihitaji mkinunua na msiponunua.

Safari ya Yala, kodini gari siku moja ya wikendi kila mwezi. Kwa gari dogo weka 4,000 kwa siku pamoja na mafuta ya 1,700. Ukitoa 1,800 mnazotumia sasa kwenye matatu, nyongeza ni 3,900. Kabla ya kuondoka nalo piga picha pande zote nne, magurudumu, kioo na tangi la mafuta, ukiwa na mwenye gari. Uliza kwa maandishi kama bima yake inaruhusu gari kukodishwa, maana magari mengi ya kukodi mitaani yana bima ya matumizi binafsi, na ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa. Uliza pia ni kiasi gani utachangia wewe likikwaruzwa.

Ukijumlisha hayo yote, usafiri wenu ni 25,500. Mnasafiri vizuri kuliko sasa, mama watoto hasimami Kondele usiku, na bado mko karibu 23,900 chini ya gharama ya gari.

Njia nyingine ambayo hukuigusa ni kuhama. Nyumba ya 18,000 Mamboleo inaweza kuwa ya 26,000 upande wa Tom Mboya au karibu na shule ya watoto. Elfu nane zinauma, ila linganisha: basi la shule la 7,000 likiondoka na matatu zako za 2,200 zikiondoka, kodi imejilipa, na mnaamka nusu saa baadaye. Watoto wa umri huo wanahitaji mtu wa kuwasindikiza, kwa hiyo hesabuni na yeye. Msihame katikati ya muhula.

Kuhusu shemeji, tunamjibu kwa heshima kwa sababu anaongea kwa upendo. Lakini muulize jambo moja. Jumamosi za matanga, nani huitwa kwanza? Mwenye gari. Nyumbani kwetu huku, gari likishajulikana Yala, ni la ukoo. Utaombwa kumpeleka mama mkubwa kliniki, kubeba viti, kurudi mjini na magunia mawili ya mahindi na kuku mguuni. Hatusemi ukatae, mtu hawezi kuwakatalia watu wake msiba. Tunasema lihesabiwe, kwa sababu kila safari ya namna hiyo ni mafuta, na magunia mawili juu ya watu watano ndiyo humaliza shokamzoba za nyuma na kuchemsha giaboksi mlimani. Shemeji hayuko kwenye orodha ya wadhamini wako.

Tunachokuomba ufanye ni hiki. Kuanzia mshahara ujao, jifanye umelinunua. Kila mwezi, siku ile ile ambayo mkopo ungekatwa, hamisha 30,800 kwenda akaunti tofauti ambayo huwezi kuitoa kwa simu. Endeleeni kusafiri kama mnavyosafiri. Mkiwa na mlo wenu wa kawaida, karo ya kawaida na michango ya kawaida, mtaona kama mnaweza. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejua ukweli bila kumponza mdhamini yeyote, na pesa zenu ziko pale. Mkiweza kwa miezi mitatu, mna 92,400. Mkiendelea miezi 18, ni 554,400, na pamoja na ile 250,000 yenu mna 804,400 taslimu. Wakati huo mtanunua gari la aina hii, la bei iliyo chini kidogo ya 850,000, bila deni na bila riba, na hesabu ya kila mwezi itakuwa ya kuliendesha tu. Wakati huo pia mama watoto atakuwa na leseni, na mdogo atakuwa amekua.

Mkifika huko, msinunue kwa macho. Nenda asubuhi, uguse boneti kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha ili kuficha namna inavyowaka baridi. Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo ikiwa haiendi. Ikitikisa dashibodi, shuku mauntini, yaani mipira inayoishikilia injini. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa huenda ni ishara kwamba maji na oili vinakutana. Endesha nusu saa, ikiwemo kupanda mwinuko wa kwenda Kiboswa, na usikilize kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda, ikichoka hutetemeka hapo, au huvuma kama nyuki ukikanyaga. Uliza oili yake ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Mtu akiweka ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ndani ya CVT, mkanda wa chuma unaweza kuteleza na kuiharibu giaboksi. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mita ikionyesha kilomita 60,000 na mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma, shuku kwamba mita imerudishwa nyuma. Fundi wa kukagua awe wako, si wa muuzaji, na aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Upande wa karatasi, fanya utafutaji wa gari kwenye huduma ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chesisi ilingane na ile iliyopigwa kwenye bodi, na kusiwe na mkopeshaji anayelishikilia. Mkataba uandikwe na wakili, malipo yapite benki. Umiliki uhamishwe hapo hapo: muuzaji anaanzisha kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako, na ada inalipwa. Usikubali maneno ya “endesha tu, logibuku tutabadilisha baadaye”. Gari lililo kwa jina lake linaweza kuuzwa mara ya pili, au kushikwa kwa deni lake, wewe ukiwa usukani.

Mpaka wakati huo, ile 50,000 ya kushikilia usiitoe. Umesema tu kwamba anaitaka, hujasema kama umekagua gari au logibuku, wala kama kuna maandishi ya jinsi utakavyorudishiwa mkopo ukichelewa. Pesa ya namna hiyo ikishatoka kwa simu bila mkataba, kuirudisha ni kubembelezana. Mpigie leo umwambie hununui mwezi huu, asikusubiri, auze. Vitz za cc 1,000 hazitakosekana Kisumu miezi 18 ijayo.